Picha na Sauti Yake katika Nchi ya Songea

Nchi ya Songea i kusini kabisa mwa Tanzania, mbali na bahari na mbali na reli, nayo tangu zamani imepewa sifa ya kuwa nchi isiyofikiwa upesi na mambo mapya. Sifa hiyo ina kweli ndani yake, lakini imewapoteza njia baadhi ya waandishi wa historia. Walipotaka kuchunguza habari za sinema katika Afrika ya Mashariki walikwenda Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako majumba ya sinema yalijengwa mapema, kana kwamba penye jumba ndipo penye historia. Songea yaonyesha kwamba sivyo. Huko picha zilifika kwa njia za kupita: katika maneno ya mtu aliyerudi kutoka mashamba ya mkonge, katika gari la Serikali lililolala usiku mmoja na kuondoka, katika kibanda cha mabati chenye jenereta nyuma yake. Na karibu kila mara zilifika bila sauti inayofahamika kwa watazamaji, ikalazimu pawe na mtu wa kuzisemea. Mtu huyo, pamoja na lugha aliyoitumia, ndiye kiini cha maelezo haya, kwa sababu pasipo yeye haiwezekani kufahamu picha zilifanya nini katika maisha ya watu wa huko.

Yafaa kwanza kusema neno juu ya lugha. Wangoni waliingia nchi hii katikati ya karne ya 19, wakitokea kusini mwa Afrika baada ya safari ya miaka mingi. Walikuja na lugha ya jamii ya Kizulu, lakini walikuwa wachache kuliko watu waliowashinda na kuwaingiza katika majeshi na nyumba zao. Wake zao wengi walikuwa wa wenyeji, na watoto walisema lugha ya mama. Mwaka 1904 Cassian Spiss wa shirika la Wabenedikto, ambaye mwaka uliofuata, akiwa Askofu, aliuawa katika vita vya Majimaji, alitoa maandishi juu ya lugha mbili zilizosemwa kwa wakati mmoja katika nchi hiyo: Kingoni, yaani ile lugha iliyotoka kusini, na Kisutu, lugha ya wenyeji. Lugha ya kwanza imekwisha kufa. Ile iitwayo Kingoni leo ni mtoto wa ile ya pili, iliyorithi jina la mshindi. Basi Songea ilikwisha kuona mara moja jinsi lugha ya nyumbani inavyoweza kubadilika katika maisha ya babu na mjukuu, bila amri ya mtu yeyote. Jambo hili litahitajiwa tena mbele.

Kiswahili kilikuwapo tangu siku za misafara, kikapata nguvu katika utawala wa Wadachi na katika shule za misheni, hasa kutoka Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898. Lakini shule kubwa ya Kiswahili kwa wanaume wa Songea haikuwa na ubao wala chaki. Ilikuwa ni safari ya manamba. P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1955 juu ya Wangoni na Wandendeule, alieleza jinsi kazi ya mbali ilivyokuwa imeingia katika desturi za nchi: kijana alikwenda kutafuta fedha ya kodi, ya mahari na ya nguo, akarudi, akaenda tena. Wengi walikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Huko walichanganyika na watu wa makabila mengi, na lugha ya kambi ilikuwa Kiswahili.

Mtu aliporudi kutoka manamba alirudi na sanduku. Sanduku hilo lastahili kutazamwa kwa makini na mwanahistoria, kwa maana ndilo lililokuwa duka la kwanza la vitu vya kisasa katika vijiji vingi. Ndani yake mlikuwa na nguo, blanketi, taa, kioo, labda saa. Na mwenye bahati alirudi na baisikeli. Kila kitu kilikuja na jina lake, na jina hilo lilikuwa la Kiswahili, hata kama asili yake ilikuwa Kiingereza au Kihindi. Pamoja na vitu alileta habari, na ni haki kudhani kwamba habari za picha zinazotembea zilikuwa miongoni mwake, kwani Tanga ulikuwa mji wenye majumba ya sinema na kambi zake zilikuwa karibu. Kwa hiyo wengi wa Songea waliisikia sinema kabla ya kuiona. Iliwafikia kwanza kama masimulizi, ikisimuliwa na mtu aliyeona, jioni, mbele ya watu wasioona. Desturi hiyo ya mmoja kuwasemea wengine picha haikutoka tena.

Serikali nayo ilikuwa na mipango yake. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palifanyika huko Vugiri, katika milima ya Usambara, jaribio lililoongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, la kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika. Filamu kama 35 zilitengenezwa. Zilihusu chai, ngozi, malaria ya watoto, na faida ya kuweka akiba katika posta. Katika filamu hii ya mwisho mtu mmoja anafukia fedha yake chini na mwivi anaichukua, na mwenzake aliyeiweka posta yu salama. Wataalamu wa lugha wapaswa kuitazama hasa njia waliyotumia kwa sauti. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri zilizopigwa pamoja na picha, na kila filamu iliweza kupewa maneno ya Kiswahili, Kisukuma, Kiganda, Kinyanja au Kibemba, kwa kadiri ya mahali gari lilikokwenda. Lugha ndogo zisizo na santuri zilitegemea mtu kushika kikuza sauti na kusema. Kwa hiyo tangu mwanzo palikuwa na daraja: lugha zilizostahili kutiwa katika sahani, na zile zilizongoja mkalimani. Lugha za nchi ya Songea zilikuwa katika fungu la pili.

Vita vya mwaka 1939 vilileta Idara ya Filamu ya Makoloni kutoka London, iliyoongozwa na William Sellers. Sellers aliamini kwamba Mwafrika wa shamba hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, na kwa hiyo sinema yake iende polepole, picha zikae muda mrefu, na mambo yasiwe mengi. Kisa kilichosimuliwa mno na watu wa idara za namna hiyo ni kile cha wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa akajaa kitambaa chote; wakasema kwamba ugonjwa huo hauwahusu, kwa kuwa kwao hakuna mbu wakubwa namna ile. Kisa hicho kilitolewa kama ushahidi wa ujinga. Lakini ye yote anayejua jinsi wazee wa vijijini wanavyomjibu mgeni aliyekuja kuwafundisha habari za mbu wanaowauma kila usiku, atatambua mzaha anapousikia. Ajabu ni kwamba wataalamu wa picha hawakuutambua, wakajenga juu yake kanuni ya kazi.

Kanuni hiyo ilisahau jambo moja. Kati ya picha na watazamaji alisimama mwelezaji, kijana aliyesoma, aghalabu karani au mwalimu, ambaye kazi yake ilikuwa kusema yale yaliyoandikwa. Sauti yake ilikuwa hai, na kitu hai hakifuati karatasi. Alitia majina ya mahali, aliwajibu watu waliouliza, alifupisha palipochosha na kurefusha palipochekesha. Waliotoa fedha hawakuwa na njia ya kujua alisema nini. Basi wale wasemao kwamba sinema za wakoloni zilikuwa chombo cha kuwadanganya watu wanasema kweli juu ya nia ya waliozituma. Juu ya yale yaliyotokea uwanjani usiku, wanasema wasiyoyajua.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950 Serikali ya Tanganyika ilijaribu njia nyingine. Ilishirikiana na kampuni ya Afrika ya Kusini iitwayo African Film Productions kutengeneza filamu za hadithi, zenye waigizaji Waafrika wanaosema Kiswahili kwa midomo yao wenyewe. Filamu ijulikanayo zaidi ni Muhogo Mchungu, hadithi ya mtu wa shamba anayefika mjini na kutapeliwa. Na aliyekuwa mwigizaji wake mkuu alikuwa ni mzaliwa wa nchi ya Songea: Rashidi Mfaume Kawawa, aliyezaliwa Matepwende, katika sehemu ambayo leo ni Wilaya ya Namtumbo, akasoma Tabora, kisha akawa mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii. Waandishi wa siasa hulipita jambo hili upesi, kama kichekesho cha ujana wa mtu mkubwa. Lakini lina uzito. Mwaka 1955 Kawawa akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu, baada ya Nyerere kujiuzulu cheo hicho. Sura na sauti yake zilikuwa zimepita mbele ya watu katika uwanja wa sinema kabla hawajamwona jukwaani. Na Kiswahili alichokisema katika filamu hakikuwa cha Mvita wala cha Unguja. Kilikuwa Kiswahili cha bara, cha mtu aliyejifunza akiwa njiani, kama walivyojifunza manamba. Kwa mara ya kwanza mtu wa Songea aliweza kuona katika picha mtu wa kwao akisema lugha asiyozaliwa nayo, na kuisema kama mali yake.

Baada ya Uhuru picha hazikuongezeka kwa wingi ambao mtu angetazamia. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na magari ya sinema yaliendelea kutembea, lakini miaka hiyo ilikuwa miaka ya redio. Wakulima wa tumbaku wa Songea na wa kahawa wa Umatengo, ambao tangu mwaka 1936 walikuwa na chama chao cha ushirika, walikuwa na fedha kidogo baada ya mavuno, na redio ya betri ilikuwa kitu cha kwanza cha heshima baada ya baisikeli. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 watu kama milioni mbili wa Tanzania walikaa katika vikundi kusikiliza na kujadili. Televisheni ilifunguliwa Zanzibar katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo ya 1970, lakini Bara haikuwapo. Viongozi waliona kwamba ni anasa ya wachache wa mjini. Uamuzi huo umelaumiwa sana. Kwa upande wa lugha ulikuwa na tokeo ambalo hakuna aliyelikusudia: kwa muda wa miaka 20 hivi Bara nzima ilisikiliza sauti moja ya Kiswahili pasipo picha yoyote ya kigeni kushindana nayo.

Mambo yaligeuka mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Chini ya Rais Mwinyi, aliyepewa jina la Mzee Ruksa, mlango ukafunguliwa zaidi. Katikati ya miaka hiyo pia barabara ya lami kutoka Makambako ilifika Songea, na mizigo iliyokuwa ikikwama matopeni kila masika ikaanza kufika. Miongoni mwake zilikuwamo deki za video.

Maneno yaliyozaliwa wakati huo ni ushahidi mzuri kuliko takwimu. Neno video lilipoingia lilikuwa na silabi ya kwanza iliyofanana na kiambishi cha wingi, na watu hawakuchelewa: wakapata kideo katika umoja na video katika wingi, kama kitabu na vitabu. Lugha haikukopa neno tu; ililikalisha nyumbani. Mchezaji mkuu wa filamu akaitwa steringi, kwa neno la Kiingereza lililoandikwa mbele ya jina lake mwanzoni mwa filamu, nalo likapata maana pana: steringi ni mtu asiyekufa kabla ya mwisho. Sahani ya kupokelea mawimbi ya setilaiti iliitwa dishi, lakini pia ungo, na jina hili halikuwa na masihara matupu. Ungo wa kupepetea nafaka, kwa imani ya wengi, ndicho chombo cha wachawi cha kusafiria usiku. Chombo kinachokaa juu ya paa na kuleta watu wa mbali ndani ya nyumba kilipewa jina lililokwisha kuwapo kwa kazi hiyo.

Deki moja ilikuwa na thamani kubwa kuliko uwezo wa nyumba moja, na umeme wa Songea ulitoka katika mitambo ya dizeli iliyofanya kazi kwa saa za kukisia. Kwa hiyo video haikuingia nyumbani, iliingia kibandani. Kibanda umiza kilipata jina lake, kama ielezwavyo, kwa kubanana na kuumia kwa walioketi katika mabenchi yake membamba. Ubao nje ulionyesha filamu za siku, kiingilio kilikuwa kidogo, na ndani waliingia vijana wa kiume zaidi ya watu wengine. Wazazi walilalamika, waalimu walilalamika, na hawakukosa sababu, kwani watoto waliokimbia shule walipatikana humo. Lakini lawama hiyo haieleza yote. Kibanda kilikuwa mahali ambapo mtoto wa Kimatengo, wa Kindendeule na wa Kiyao waliketi ubavu kwa ubavu mbele ya hadithi moja, wakibishana juu yake. Na lugha ya ubishi ilikuwa Kiswahili.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya Hong Kong, ya Marekani au ya Bombay. Tena akahitajiwa msemaji. Katika Dar es Salaam alitokea Derek Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu, aliyefanya kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kuwa kazi kamili. Sauti yake ikatiwa katika kanda, na kanda zikasambazwa. Matthias Krings, katika kitabu chake cha mwaka 2015, ameieleza sanaa hiyo kwa urefu, na ameona kwa haki kwamba si tafsiri kwa maana ya kawaida. Msimulizi huwapa watu wa filamu majina ya Kiswahili, huwatukana maadui, huonya, huleta bei za sokoni katika mapigano ya Kichina. Mwenye kusoma historia ya mwelezaji wa gari la Serikali atamtambua mara moja. Ni mtu yule yule, ila amebadili bwana: wa kwanza alilipwa na Serikali, wa pili alilipwa na watazamaji wenyewe, na kwa sababu hiyo alisema wanayoyapenda. Tofauti nyingine ni kubwa zaidi. Mwelezaji wa zamani aliposimama katika kijiji cha Songea aliweza kugeuka akasema neno la Kingoni pale Kiswahili kilipokwama. Sauti iliyotiwa katika kanda haigeuki. Ilisema Kiswahili cha Dar es Salaam, pamoja na lafudhi yake na lugha yake ya mitaani, kwa Songea na kwa Mwanza sawasawa.

Televisheni ya Bara ilianza mwaka 1994, ITV ikiwa miongoni mwa za kwanza, na filamu za Kiswahili zilizotengenezwa nchini zikashamiri baada ya mwaka 2003. Kuhusu hizi mengi yamekwisha andikwa. Kwa Songea lililokuwa la maana zaidi ni umeme. Mwaka 2015 mtambo wa maji wa Tulila, uliojengwa na Masista Wabenedikto wa Chipole katika Mto Ruvuma, ulianza kutoa megawati 5. Mwaka 2018 njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako, yenye urefu wa kilomita kama 250 na iliyojengwa kwa msaada wa Sweden, iliunganisha Songea na gridi ya Taifa, na mitambo ya dizeli ikazimwa. Wakati huo huo urushaji wa televisheni ulikuwa umegeuzwa kuwa wa dijitali, kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na kila seti ikahitaji kisanduku kilichoitwa kwanza king'amuzi, kisha kisimbuzi. Kisimbuzi ni mali ya nyumba moja. Hakikodishwi kwa benchi. Simu yenye kioo kikubwa imekwenda mbali zaidi: ni mali ya mkono mmoja.

Hivyo picha iliyokuwa ikiwaleta watu uwanjani, kisha kibandani, sasa yawarudisha nyumbani na kuwagawa humo. Kibanda kilichobaki huishi kwa mpira wa Ulaya, na mtangazaji wa mpira ndiye msemaji wa mwisho anayesikilizwa na watu wengi kwa pamoja. Katika nyumba, jioni, saa ambayo bibi alikuwa na neno, taarifa ya habari na tamthilia zina neno, kwa Kiswahili. Hapa ndipo habari ya Wangoni wa kale inapohitajiwa. Lugha yao ya kwanza haikufa kwa kukatazwa. Ilikufa kwa sababu mtoto alisema lugha ya yule aliyeketi naye muda mrefu zaidi. Mwaka 2014 Tove Rosendal na Gastor Mapunda walipouliza katika makala yao kama Kingoni kimo hatarini, waliuliza kwa kupima maneno kilichoyakopa kwa Kiswahili. Njia hiyo ni nzuri, lakini maneno ya mkopo ni dalili ya juu tu: lugha yaweza kukopa mno na ikaishi, kama Kiswahili chenyewe kinavyoshuhudia. Linalopasa kupimwa pia ni saa. Mtoto wa Songea leo husikia Kingoni saa ngapi kwa siku, kutoka kwa nani, na katika saa hizo ni picha ipi iliyo mbele yake?

Wako wanaojibu kwamba simu hiyo hiyo ni dawa, kwa kuwa kila mtu sasa aweza kuwa mpiga picha. Si neno la bure. Kila mwaka mwishoni mwa Februari watu hukusanyika Mahenge, mjini Songea, penye Makumbusho ya Majimaji, kuwakumbuka wale walionyongwa na Wadachi mwaka 1906, miongoni mwao Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake. Lizombe huchezwa, na simu huinuliwa juu kuipiga picha. Picha za ngoma hiyo zimo katika YouTube, na aliye Dar es Salaam au ng'ambo aweza kuzitazama. Nyimbo ndani yake ni za Kingoni. Maandishi yaliyo chini yake, majina yake, na maneno ya watu wanaozijibu, ni ya Kiswahili. Na yule anayeuliza wimbo umesema nini, mara nyingi ni mtu wa huko huko.